Droni yenye leza: inaona nini juu ya pori na mitambo ya Tshopo?

Wakaaji wa mashariki ya Kongo walijua droni kwanza kama kitu cha vita. MONUSCO ilianza kurusha zake za uchunguzi, zisizo na silaha, kule Goma mwezi wa 12 mwaka 2013. Tarehe 17 mwezi wa 2 mwaka 2024, jeshi lilisema droni zimepiga bomu uwanja wa ndege wa muji uleule. Si ajabu basi mama wa Lubunga au Mangobo akisikia kitu kinavuma juu ya bati lake aulize: «Ile kitu inatafuta nini kwetu?»

Lakini kuna droni zingine, za kazi, zenye kubeba kifaa cha leza. Hiki hakipigi picha, kinapima. Kinatupa chini vipande vya mwanga, laki na laki kwa sekunde moja. Kila kipande kinagonga kitu na kurudi, na mashini inapima muda kilichotumia. Mwanga unakimbia kilometa 300 000 kwa sekunde; kama droni iko mita 60 juu, safari ya kwenda na kurudi inachukua sehemu nne za sekunde iliyokatwa mara milioni kumi. Ukijua muda, unajua umbali. Jipiesi inasema droni ilikuwa wapi, kifaa kingine kinasema ilikuwa imeinama namna gani, na kompyuta inaunganisha zile nukta zote kuwa umbo la paa, nguzo, kilima ama muti.

Kwetu Tshopo, faida kubwa iko ndani ya pori. Picha ya kawaida inaona majani ya juu tu. Leza, sehemu yake ndogo inapita katikati ya majani mpaka udongoni, kwa hiyo urefu wa muti unajulikana. Kuanzia 2014 kazi ya namna hiyo ilifanywa nchini, lakini kwa ndege yenye rubani, pamoja na WWF na wataalamu wa chuo kikuu cha California: vipande 216 vya pori, kila kimoja karibu hektari 2 000. Kutoka pale walichora ramani ya kaboni ya Kongo yote. Droni haiwezi eneo kubwa vile, bateri yake inaisha kwa nusu saa hivi. Kazi yake ni kipande kidogo, lakini kwa undani zaidi.

Tena leza haijui uzito. Limbali na kombokombo vinaweza kulingana urefu, lakini mbao za limbali ni nzito na za kombokombo ni nyepesi sana. Lazima mtu ashuke porini na mita ya kamba, azungushe shina kwenye kimo cha mita 1,30, aandike na jina la muti. Kazi hiyo inajulikana vizuri Yangambi, pale INERA, ambako sasa kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka porini. Bila wale vijana wa kamba, ramani ya leza inabaki makisio yenye rangi nzuri.

Upande wa mitambo, mtu anafikiria mara moja bwawa la SNEL kwenye mto Tshopo, lililojengwa wakati wa Wabelgiji. Umbo la ukuta, miti inayokaribia nyaya za umeme, udongo unaoporomoka kando ya reli ya Ubundu yenye kilometa 125: yote yanaweza kupimwa bila kumning'iniza mfanyakazi kwenye kamba. Ila leza ya kawaida inazimwa na maji. Matope yaliyojaa nyuma ya bwawa haitayaona. Pale inatakiwa pirogi na kipimo cha sauti. Na mvua ikinyesha, kazi inasimama. Kisangani mvua tunaijua.

Sasa, ramani inabaki kwa nani? Amri ya tarehe 2 mwezi wa 8 mwaka 2014 inaruhusu kijiji kuomba pori lake, mpaka hektari 50 000, na faili lazima liwe na ramani ya mipaka. Shefu anayeletewa droni aombe kwanza kuona ruhusa ya serikali. Kisha aombe nakala ya ramani, kwenye karatasi, kabla ile timu haijapanda pirogi kurudi muji.