Kununua kupé: mupya ao ya okazioni? Mbele ya kutoa feza, hesabu kwanza

Kila mwisho wa mwezi, wakati mishahara na prime zinaingia ku banki, parkingi za kuuzisha motokari hapa Lubumbashi zinajaa vijana wa Kolwezi, wa Likasi na wa Fungurume. Wengi wanapita mbele ya Noah na Hilux bila kuziangalia. Wanasimama mbele ya ile motokari ya chini, milango mbili tu, pua ndefu, pneu pana. Wao wanaiita «sport». Jina lake la kweli ni kupé.

Tulimusindikiza mumoja wao. Ni kijana wa miaka 31, anaendesha benne kubwa mu karyeri moja karibu na Kolwezi, juma moja zamu ya muchana, juma ingine zamu ya usiku. Iko na muke na watoto wawili. Alikuwa na dola 8,000: sehemu moja ni akiba ya miaka mitatu, sehemu ingine ni deni ya banki yenye itakatwa ku mushahara miezi 18. Alituambia: «Kila siku niko naendesha chuma kubwa ya patron. Mimi pia nataka kuendesha kitu yangu, hata siku ya mungu tu.»

Hatukumucheka. Mutu anayekula vumbi masaa 12 kwa siku iko na haki ya kupenda kitu kizuri. Lakini katika miji yetu tunakumbuka pia mwaka 2003, wakati wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kazi mu ile mpango ya «départs volontaires», yenye Banki ya Dunia ililipia. Kuna waliojenga nyumba, kuna waliofungua shamba. Kuna pia walionunua motokari, na leo ile motokari ni mifupa nyuma ya nyumba, kuku zinalala ndani. Motokari haikuwa kosa. Kosa ilikuwa kununua kwa macho na kusahau kuhesabu.

Kwa Kiswahili, kupe ni yule mududu anayekamata ku ngozi ya ng'ombe na kunyonya damu pole pole. Sherti kupé yako isigeuke kupe wa nyumba.

Mupya: nzuri, lakini nani atailipa?

Kupé za mbio za bei ya kawaida haziko nyingi tena. Viwanda viliziacha kidogo kidogo, juu watu wanataka motokari za juu. Toyota iliacha kutengeneza Celica mwaka 2006. Hyundai iliacha Coupé yake mwaka 2008. Mazda RX-8 ilikwisha 2012. Kati ya zile zinazotoka mupya, inayojulikana zaidi ni Toyota GR86, pamoja na ndugu yake Subaru BRZ: motere ya litre 2.4, magurudumu ya nyuma njo yanasukuma. Katika Marekani bei yake ni karibu dola 30,000, mbele ya kulipa meli, duane na njia.

Tufanye hesabu. Mutu wa mushahara wa dola 700 kwa mwezi, akitoa yote bila kula na bila kulipa shule, atamaliza miaka mitatu na nusu, na bado feza haitatosha. Tena motokari mupya inaanza kupoteza bei siku ile ile inatoka ku duka. Garanti nayo, kama fundi wa kampuni haiko karibu, ni karatasi tu. Kwa hiyo, kwa watu wengi wanaosoma gazeti hii, maneno ni ya okazioni.

Okazioni: kila moja na ugonjwa wake

Toyota Celica ya mwisho, ya 1999 mpaka 2006, njo ile vijana wanapenda zaidi. Wana sababu. Motere yake ya 1.8, inaitwa 1ZZ, ni moja na ile ya Corolla nyingi za wakati ule, kwa hiyo pyesi zinapatikana na fundi anaijua. Inatumia chaîne, haina courroie ya kubadilisha. Lakini zile za miaka ya kwanza ziko na tabia ya kukunywa mafuta ya motere, juu segments za piston zinashikana. Kama mwenyewe haangalie jauge kila juma, motere inakufa bila kulia. Kuna ingine ya nguvu zaidi, 2ZZ, yenye farasi karibu 190. Ile inataka esansi safi. Kwa esansi ya bidon ya pembeni ya barabara, uiache.

Hyundai Coupé ya kutoka 2001 hivi mpaka 2008 haina sifa kama Celica, na ile inasaidia munuzi: bei inashuka. Katika Korea watu wanatembea kuume kama sisi, basi yenye kutoka kule ao Ubelgiji iko na volant ya kushoto. Ugonjwa wake ni courroie: karibu kila kilometa 90,000 sherti ibadilishwe. Ikikatika mu njia, inaweza kuvunja valves, na hapo unatafuta motere ingine. Kama muuzaji hawezi kuonyesha karatasi ya siku gani ilibadilishwa, hesabu kama haijabadilishwa kamwe.

BMW ya mulango mbili ya miaka 1999 mpaka 2006 ni tamu ku mukono, lakini mambo ya maji njo kifo yake: kile chupa cha plastiki cha maji kinapasuka, na joto la mwezi wa kumi katika Katanga halina huruma. Pyesi zake ni za bei. Mazda RX-8 tunaitaja juu ya kuwaonya: motere yake inazunguka, haina piston, inakula mafuta kwa namna ilivyotengenezwa, na wafundi wanaoijua hawako wengi. Tena RX-8 na ile BMW ziko kati ya motokari zilizorudishwa ku garaji katika inchi nyingi juu ya airbag za kampuni Takata, zenye zinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma usoni. Mbele ya kulipa, chukua numero ya châssis, uitafute ku intaneti ya kampuni, uone kama ile kazi ilifanywa.

Ile nyekundu

Kijana wetu alikuwa amekwisha kuchagua mbele ya kutuita. Celica nyekundu, imetoka Japani, ilishuka Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia kwa Kasumbalesa. Bei: dola 6,800. Tulikuja na fundi muzee, aliyefanya kazi mu garaji ya mungodi miaka mingi. Hakufungua mulango. Aliweka mukono juu ya kapo.

«Motere iko na joto,» akasema. «Nani aliiamusha mbele yetu?»

Muuzaji akacheka: «Vieux, nilikuwa naisogeza tu.»

«Basi tutarudi kesho asubui. Usiiguse.»

Kesho saa moja asubui motere ilikuwa baridi. Ilipowaka, moshi wa bluu ukatoka nyuma, tena ukarudi kila mara kijana alipokanyaga. Moshi wa bluu ni mafuta ya motere inayoungua. Kiisha fundi akavuta mukanda wa kiti mpaka mwisho wake. Kule ndani, kwenye macho ya munuzi hayafike, kulikuwa alama ya matope iliyokauka. Motokari ilikwisha kulala mu maji. Ku bulo za kapo na za aile rangi ilikuwa imevunjika, maana yake zilifunguliwa: pua yote ilibadilishwa. Ku pneu alisoma zile chifre ine za mwisho: 2311. Ni juma la 23 la mwaka 2011. Pneu zilikuwa bado na meno, lakini kaucho ilikuwa imezeeka.

Kijana bado alikuwa anaangalia rangi. «Vieux, hivi vyote tunaweza kutengeneza pole pole, si vile?»

Hapo muke wake, aliyekuwa kimya tangu asubui, akaingia na kukaa ku kiti cha kushoto. Volant ilikuwa kuume, kama motokari nyingi za Japani. Katika Congo tunatembea kuume. Akaangalia mbele, akamuuliza bwana yake:

«Papa, tukiwa nyuma ya lori ku njia ya Likasi na unataka kupita, nani ataona kama ingine inakuja? Wewe ao mimi?»

Hakujibu.

«Ni mimi njo nitakuwa nakuambia pita, hapana pita. Na batoto nyuma. Siku nitalala mu njia, nani atakuwa macho yako?»

Wanaosafiri ku RN1 wanaelewa. Toka Lubumbashi mpaka Likasi ni kiasi ya kilometa 120, na toka kule mpaka Kolwezi zingine karibu 180, lori za madini moja nyuma ya ingine. Mutu aliye mu motokari ya chini, volant kuume, sherti atoe nusu ya motokari mu njia ya wengine mbele ya kuona kitu. Kuna garaji zinazohamisha volant. Ile kazi inakata na kuchomea mahali penye usukani unashikwa. Kama haujui nani aliifanya na namna gani, usiweke maisha ya watoto wako juu yake.

Ile nyekundu ilibaki ku parkingi. Mu bisi ya kurudia, bwana na muke hawakusemezana mpaka Likasi.

Mambo ya kuangalia

Tumeandika hapa yale fundi alitufundisha, mukate gazeti muweke mu mufuko.

Enda asubui, motere ikiwa baridi. Moshi wa bluu ni mafuta inayoungua. Moshi mweupe mwingi usioisha ni maji yanayoingia mu motere. Fungua kifuniko cha mafuta: ukiona kitu kama mayonezi, ni maji na mafuta vimechanganyika.

Vuta mikanda yote ya viti mpaka mwisho. Inua tapi, unuse. Harufu ya ukungu haidanganye.

Angalia chini. Motokari za Ulaya zinapita juu ya chumvi wakati wa baridi, na chumvi inakula chuma.

Linganisha numero ya châssis na ya karatasi, chifre kwa chifre. Kama imepigwa upya ao imefutwa, toka mara moja. Kama unaagiza mwenyewe kutoka inje, uliza kwanza ku DGDA na OCC kanuni ya umri wa motokari na ya volant. Usikubali neno la commissionnaire tu.

Pima urefu toka chini. Kupé nyingi ziko chini ya sentimeta 15 toka udongo. Kama njia ya kwako iko na mashimo na mawe ya laterite, carter ya mafuta njo itagonga kwanza.

Kalisha watoto nyuma mbele ya kulipa. Mu kupé nyingi nyuma kuna viti mbili vidogo, na kioo cha nyuma kinashuka karibu na vichwa vyao. Mutoto wa miaka mitano atatosha. Baba mukwe, hapana.

Tena usimalize feza yote ku bei. Kama uko na 8,000, tafuta motokari ya 5,500. Zinazobaki ni za courroie, mafuta, pneu, karatasi na asiransi, na sehemu moja ibaki ku banki. Deni itakatwa kila mwezi hata kama motokari iko ku garaji.

Mwisho wake

Juma tano zilipita. Kijana akatupigia simu. Alipata Hyundai Coupé ya rangi ya feza, volant kushoto, imetoka Ubelgiji, mikwaruzo ku mulango wa kuume na redio iliyokufa. Fundi muzee aliiangalia asubui mbili. Walilipa dola 5,300. Courroie, pompe ya maji, pneu ine na frein vikakula 1,100. Karatasi na asiransi, 600. Ilibaki 1,000, na ile feza iko ku banki kwa jina ya mama watoto.

Ku kazi anaendelea kwenda na bisi ya kampuni, juu vumbi ya karyeri itajaza filtre na kuua motere. Muke wake alitoa sherti mbili tu: hakuna kushika volant kwenda Lubumbashi kiisha zamu ya usiku, na hakuna kupita lori mu giza. Tulimuuliza kama anaipenda ile motokari. Alicheka.

«Haiko mbaya. Lakini mimi niko nakaa ku kuume, naangalia miti tu. Njo vile nilitaka.»

Siku ya mungu iliyopita tuliwaona Kolwezi wakitoka misa. Watoto wawili nyuma, magoti juu, vioo chini. Alikuwa anaenda pole pole, kama mutu anayebeba mayai.