Thome na Nyumba za Wageni katika Ukambani

Katika nchi nyingi za ulimwengu palikuwapo tangu zamani nyumba ambazo majirani walikutana jioni ili wanywe, wapeane habari na kuzungumza mashauri yao, na msafiri naye akapata mahali pa kulala. Katika Ukambani, kama vile huko Kitui na Makueni, kazi hizo zilifanywa bila ya jumba wala duka. Mahali pake paliitwa thome.

Thome ni uwanja ulio nje ya lango la boma. Jioni wanaume walikoka moto wa magogo hapo, na wazee wakaketi juu ya vigoda vyao vya miguu mitatu. Hapo ndipo habari za mvua, za malisho na za safari zilipotolewa. Wavulana nao, kwa kusikiliza tu, walijifunza mithali na desturi za ukoo wao. Mashauri mazito yalipelekwa mbele ya baraza la wazee liitwalo nzama.

Pombe yao iliitwa uki. Ilitengenezwa kwa asali au kwa maji ya miwa, na ndani yake yalitiwa matunda ya mwegea, mti ambao Wakamba huuita muatini, ili ichachuke. Lakini uki haukuwa kinywaji cha kila mtu. Ulikuwa heshima ya wazee, nao vijana walikatazwa kuunywa. Ulipikwa kwa sababu maalum: posa, mapatano, au tambiko. Tena wanywaji walimjua aliyeupika, kwa maana alikuwa jirani yao.

Na msafiri je? Yeye alimtegemea mwenye mji. Mwaka 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui, alikaribishwa na Kivoi, mfanyi biashara mashuhuri ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu Mombasa. Ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona Mlima Kenya.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ilileta namna nyingine ya ukarimu. Ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Magari ya moshi ya siku zile hayakuwa na behewa la chakula. Basi abiria walishuka Makindu wakala katika nyumba ya mapumziko. Masingasinga waliokuja kwa kazi ya reli walijenga hekalu lao papo hapo Makindu mwaka 1926. Mpaka leo msafiri wa dini yo yote hupata humo chakula na kitanda pasipo kudaiwa malipo. Pombe na tumbako haviruhusiwi humo, na hata hivyo watu hukutana.

Baadaye vilabu vya pombe vilienea katika masoko. Humo mtu hunywa kwa fedha yake, na mara nyingi hamjui aliyekitengeneza kinywaji. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa katika sehemu kadhaa za Kenya, Kitui na Makueni miongoni mwake, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, ambayo ni sumu. Wengine walipofuka macho.

Sheria ya vileo ya mwaka 2010 ilikataza kumwuzia pombe mtu aliye chini ya miaka 18, tena ikaweka saa za kufungua na kufunga vilabu. Wako wadhanio kwamba amri za namna hii ni jambo geni. Sivyo. Wazee wa thome walikuwa na amri juu ya umri wa mnywaji, na juu ya sababu ya kunywa, kabla sheria haijaandikwa. Mahali pa kukutania hapaharibiwi na kinywaji peke yake. Huharibika pale ambapo hakuna mwenyeji wa kuwajibika kwa wageni wake.