Ukistaafu, mwezi wako utagharimu ngapi? Na Jumatatu utafanya nini?

Ukikaa na Wakenya wa Brooklyn Park baada ya ibada, au kwenye sherehe ya Watanzania kule Saint Paul, sentensi hii huikosi: "Mimi nikifika sitini na mbili, narudi nyumbani." Mara nyingi tunaisema Januari, mtu ametoka shifti ya usiku na gari limekataa kuwaka kwa baridi. Swali la pili haliulizwi. Ukirudi, utaishi kwa shilingi ngapi kwa mwezi? Na Jumatatu asubuhi, wageni waliokuja kukupokea wakishaondoka, utaamkia nini?

Nimeangalia wazee katika Miji Pacha hii kwa miaka kumi na minne. Kazi hii ni darasa. Unamkuta mzee aliyekuwa na nyumba kubwa kando ya ziwa Minnetonka, sasa dunia yake ni chumba kimoja: kitanda, kiti, picha za ukutani na blanketi alilofumiwa na marehemu mkewe. Watoto wameshauza vilivyobaki wikendi moja, sahani za harusi dola moja moja. Na wazee niliowaona wana furaha hawakuwa wenye vitu vingi. Walikuwa wale ambao kuna mtu anawasubiri. Bibi mmoja kila asubuhi alipigia simu marafiki watatu kujua kama wameamka. Babu mwingine alitengeneza baiskeli za watoto wa mtaa mpaka mikono ikakataa.

Halafu sisi tunatoka hapo, tunaenda moja kwa moja kutuma pesa za slabu ya ghorofa ya pili.

Nasema "sisi" kwa sababu nami nimo. Ploti yangu iko Kisii. Msingi nilioweka ulikuwa wa vyumba tisa. Siku moja fundi alinipigia akitaka pesa za mbao za paa, nikamwuliza, hivi vyumba tisa nani atafagia? Akacheka, akadhani natania.

Tuanze na hesabu, maana maisha rahisi bila hesabu ni umaskini tu uliopewa jina zuri. Chukua daftari, uandike mwezi wa kawaida wa mstaafu kule unakotaka kuishi. Huu ni wangu, kwa shilingi za Kenya: chakula 15,000, stima na maji 4,000, dawa na bima ya afya 12,000, msaidizi wa nyumbani na shamba 10,000, nauli na simu 8,000, kanisa, harambee na matanga 12,000, akiba ya dharura 15,000. Jumla 76,000. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hiyo ni kama dola 590. Usisahau mstari wa matanga. Watu wengi huuacha, na ndio unaokula pesa kuliko chakula.

Sasa tuone zitatoka wapi. Kwa wengi wetu pensheni ya uhakika ni ile ya Social Security, na sheria yake ya kwanza ni ya kikatili kidogo: lazima uwe na pointi 40. Kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya nne, kwa hiyo ni kama miaka kumi ya kazi iliyoandikwa. Mwaka 2025, pointi moja ilikuwa kila dola 1,810 ulizopata, yaani dola 7,240 zilikupa nne zote. Ukiwa na pointi 39, pensheni yako mwenyewe ni sifuri. Si ndogo. Ni sifuri.

Ukishavuka 40, wanachukua miaka yako 35 yenye kipato kikubwa zaidi, wanaipandisha kulingana na mishahara ya sasa, halafu wanatafuta wastani wa mwezi. Kama umefanya kazi miaka 15 tu, ile 20 iliyobaki inahesabiwa kama sifuri. Tuchukue mfano wa mama aliyepata wastani wa dola 3,000 kwa mwezi kwa miaka 15, zote zimeandikwa. Ukigawanya kwa miaka 35, wastani wake unakuwa karibu dola 1,286. Kwa kanuni ya wanaofikisha miaka 62 mwaka 2025, akisubiri hadi 67 atapata karibu dola 1,120 kwa mwezi. Akianza kuchukua akiwa na 62, wanakata asilimia 30, inabaki kama dola 785, na itakaa hivyo hivyo maisha yake yote, ukiacha nyongeza ya kila mwaka ya kupanda kwa bei.

Linganisha na bajeti ya dola 590. Inatosha! Nyumba ndogo, kuku, sukuma wiki nyuma ya jiko, na hata anabakiza. Lakini haitoshi kwa ghorofa yenye mlinzi wa usiku, rangi kila baada ya miaka miwili na mapazia ya madirisha ishirini.

Sasa mfano huohuo, ila mama huyu miaka saba kati ya ile 15 alilipwa keshi. Amebaki na miaka minane iliyoandikwa. Nane mara nne ni 32. Hapati kitu. Hapa nitasema langu: miaka yangu mitano ya kwanza Minnesota nilimlea mtoto wa familia moja kwa keshi, kila Ijumaa kwenye bahasha. Walikuwa watu wazuri, nami nilifurahi kwamba hakuna makato. Siku niliyofungua akaunti yangu kwenye tovuti ya Social Security nikaona sifuri tano zimepangana, nilikaa kwenye gari muda mrefu kabla ya kuingia kazini.

Kwa hiyo dada yangu unayefanya kazi kwenye nyumba ya mtu: kama familia moja ilikulipa dola 2,800 au zaidi kwa mwaka 2025, sheria inawataka walipe kodi ya Social Security na wakupe fomu W-2. Si wewe unayewaomba hisani. Na wewe kaka wa ujenzi unayepewa fomu 1099, jua kwamba tajiri amekuita mfanyabiashara wa kujitegemea. Usipojaza ritani na kulipa ile asilimia 15.3 mwenyewe, hupati pointi hata moja, hata kama umemwaga zege mwaka mzima. Na kama kila siku anakupangia saa, anakupa vifaa na kukuambia cha kufanya, huenda amekuita hivyo kimakosa. Sheria ya Minnesota iliyopitishwa 2024 inaruhusu faini ya hadi dola 10,000 kwa kila kosa la namna hiyo. Makosa kwenye rekodi yana muda wa kurekebishwa: miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 baada ya mwaka husika. Kwa kipato cha kujitegemea, ritani ikichelewa kupita hapo, mwaka huo umekwenda.

Kuna suala la kuvuka bahari nazo. Ukiwa raia wa Marekani, pensheni yako inaweza kukufuata Kenya, Tanzania au Uganda, ila ritani ya kodi ya Marekani utaendelea kujaza. Kama si raia, ukikaa nje zaidi ya miezi sita malipo yanaweza kusimama, kutegemea uraia wako na historia yako ya kazi. Waulize Social Security kwa 1-800-772-1213 kabla ya kukata tiketi, si baada ya kufika. Ukirudisha grini kadi ukahesabiwa kuwa mgeni asiye mkazi, kwa kawaida wanakata asilimia 25.5. Yule mama wa dola 785 anabaki na kama 585, na bajeti yake ni 590. Msaada wa SSI nao unasimama ukikaa nje siku 30 mfululizo. Medicare, kwa kawaida, haitalipa hospitali ya Nairobi wala Mwanza. Kwa maswali ya uzeeni ukiwa bado Minnesota, Minnesota Aging Pathways, iliyoitwa zamani Senior LinkAge Line, ni bure, 1-800-333-2433.

Uraia unagusa ardhi pia. Kenya inakubali uraia pacha tangu katiba ya 2010, lakini aliyeacha uraia wa Kenya kabla ya hapo inabidi auombe tena. Asiye raia anamiliki ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, kwa hiyo Mtanzania apige hesabu ya kiapo na ya shamba kwa pamoja.

Turudi kwenye ile Jumatatu. Nimeona wenzetu wakirudi nyumbani na miezi minane baadaye wako hapa tena, wanatafuta shifti. Wengine pesa ziliisha. Wengine pesa zilikuwepo, ila walizoea kuwa mtu wa kutuma, na walipofika wakawa wanakaa barazani wakisubiri kuombwa. Ukweli mgumu ni huu: ndugu zako wamezoea dola 400 za kila mwezi, na wewe ukistaafu hutakuwa nazo. Waambie sasa. Punguza kidogo kidogo ukiwa bado una mshahara, ili ukifika wasikuone umebadilika tabia. Dada yangu nilimwambia kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza, "Kwani umefutwa kazi?" Ilichukua simu tatu zaidi.

Na tafuta kazi ya mikono yako, ndogo. Sisi tunajua kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya kitandani, kumlisha aliyepooza bila kumpalia, kuongea na mtu aliyepoteza kumbukumbu bila kumgombeza. Kijijini kwetu wazee wengi wanaangaliwa na msichana wa kazi ambaye hakufundishwa hata moja ya hayo. Kaka wa ujenzi anajua kufunga ngazi ya bafuni na kishikio ambacho mzee hatateleza. Siongelei kufungua kampuni, jamani. Naongelea asubuhi mbili kwa wiki, nyumba nne, na mtu anayetazama barabarani kuona kama unakuja.

Kabla ya kuhama, jaribu. Si Desemba, maana Desemba kila mtu ana nyama. Nenda Februari au Juni, wiki nane, uishi kwa kiasi kilekile cha pensheni, bila kugusa kadi ya benki ya huku.

Mimi nina miaka 58 na pointi 36. Zimebaki nne, yaani mwaka mmoja. Fundi ameezeka vyumba vitatu tu, na kwenye msingi uliobaki mama yangu amepanda mchicha. Februari naenda na daftari.