Baada ya Shakahola, Tusijihesabie Haki

Aprili 2023, polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, magharibi ya Malindi, kauli moja ilienea makanisani kwetu upesi kuliko habari zenyewe: "Wale si Wakristo." Niliisikia sokoni, niliisikia ndani ya tuktuk, na nikaisikia katika kikao cha wazee wa kanisa, ambao nami ni mmoja wao.

Miili iliyofukuliwa ilipita 400, mingi ya watoto. Walionusurika walisimulia kwamba walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakamwone Yesu, na kwamba shule na hospitali ni mambo ya shetani. Mhubiri aliyeshtakiwa kwa vifo hivyo alikana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Mimi nataka kusema juu yetu tuliobaki mjini.

Mtu haamki asubuhi moja akahamia msituni. Kwanza hukataa chakula kwa jirani ambaye hajaokoka. Halafu haendi kwenye hanga, yaani matanga, ya mjomba wake, kisa kutapigwa ngoma. Mwishowe hata mama mzazi anakuwa mtu wa dunia. Hatua hizo za mwanzo nimezisikia zikitolewa ushuhuda makanisani, watu wakaitikia haleluya. Hilo linaniuma sana.

Soma tena Luka 18, habari za Farisayo na mtoza ushuru. Farisayo yule hakuwa mwongo. Alifunga kweli, mara mbili kwa juma, na zaka alitoa kweli. Kilichomharibia ni kwamba akiwa katikati ya sala alimtupia jicho mwenzake, akamfanya kipimo cha wema wake. Tukisema "sisi si kama wale wa Shakahola", tunaisali sala yake.

Wala unyenyekevu si kunyamaza mbele ya upotovu. Ndugu waliokwenda polisi kuwatafuta jamaa zao walifanya kazi ya Mungu. Walisema kwa sauti, lakini walisema kwa ajili ya watu wanaowapenda, si kwa ajili ya kuonekana safi.

Hapa Pwani misheni ya Kiprotestanti ilianza kwa njia ya chini kabisa. Wamisionari Krapf na Rebmann walijenga kituo chao Rabai mwaka 1846. Mtu wa kwanza kubatizwa hapo hakuwa mzee wa kaya wala tajiri wa mifugo. Alikuwa Mringe, mlemavu, na alibatizwa akiwa karibu na kufa. Rebmann alikaa Rabai hadi 1875, macho yakafifia, na waumini wake walikuwa wachache hata mwisho. Leo nikitazama mabango ya mikutano ya injili, jina la mhubiri limetanguliwa na vyeo vitatu, namfikiria Mringe na najiuliza kama angepewa kiti.

Nauliza kwa sababu yupo mama mmoja kanisani kwetu aliyepoteza binti na wajukuu kule msituni. Alipotaka kurudi Meza ya Bwana, baadhi ya wazee walisema asimame kwanza mbele ya ushirika atubu. Atubu nini? Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga Shakahola. Alikuwa ametoa sampuli ya DNA hospitalini, akawa anangoja, kama familia nyingi zilivyongoja hadi Machi 2024 miili ya kwanza ilipoanza kukabidhiwa. Mchungaji alikataa kumsimamisha, na mama akashiriki. Lakini Jumapili kadhaa benchi alilokalia lilibaki na nafasi pande zote mbili, huku wengine wamesimama nyuma.

Basi nimepeleka ombi kwenye kikao cha wazee: mtu akitoa ushuhuda, aseme Mungu amemtendea nini, asitaje jirani wala ndugu aliyemwacha nyuma kwa kuwa hajaokoka. Pia kila familia iliyofiwa Shakahola itembelewe nyumbani, wawe wa kanisa letu au wasiwe, na waendao wasibebe mahubiri, wabebe unga. Hili la pili limekubaliwa, na akina mama wameshaanza. La kwanza limepingwa. Wapo wanaosema ushuhuda utapoa. Kikao kijacho nitalileta tena.