Fyuzi Haitambui Muungano Mbaya: Koleo na Vichwa vya Waya Vinavyofaa kwa Gari

Wamiliki wa magari, tuktuk na pikipiki mjini Mombasa wanashauriwa kukagua miungano ya nyaya kila wanapofungiwa kifaa kipya cha umeme. Gari linapotoka kiwandani, nyaya zake huwa zimefungwa vichwa vya chuma kwa mashine. Baadaye huongezewa redio, alamu, traka, spotilaiti au kidhibiti mwendo, na mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa kusokota nyaya na kuzizungushia tepu. Hapo ndipo hatari huanzia.

Kwa nini fyuzi haitoshi

Wengi huamini kwamba waya ukiwa na hitilafu, fyuzi itakatika. Hilo ni kweli pale waya mtupu unapogusa bodi ya gari na umeme mwingi kupita kwa ghafla. Muungano uliolegea ni jambo jingine. Haupitishi umeme kuliko kawaida, bali huuzuia, na kizuizi hicho hutoa joto.

Kwa mfano, taa mbili za mbele za wati 55 kila moja, kwa betri ya volti 12, hutumia takriban ampea 9. Muungano wenye ukinzani wa omu 0.1 pekee utapoteza karibu volti moja na kutoa joto la wati 8 hivi. Dereva ataona taa zimefifia kidogo tu. Fyuzi ya ampea 15 haitakatika, kwa kuwa ampea 9 ziko ndani ya kiwango chake. Lakini wati 8 katika sehemu ndogo kama ncha ya kidole, tena iliyozibwa kwa tepu, zinaweza kulainisha na kuunguza plastiki ya waya.

Mazingira ya Pwani huongeza tatizo. Hewa yenye unyevu na chumvi huingia katika nyuzi za shaba na kuzifanya ziote kutu ya kijani. Mashimo ya barabarani nayo huzitikisa nyaya hadi zilegee.

Kubana kunavyofanya kazi

Kichwa cha waya kikibanwa ipasavyo, nyuzi za shaba na chuma cha kichwa hushikana kwa nguvu kiasi kwamba hewa na maji havipati pa kupita. Muungano huo hauhitaji lehemu. Ili kufikia hapo, vitu vitatu lazima vilingane: unene wa waya, ukubwa wa kichwa na meno ya koleo. Kimoja kikikosea, vingine viwili haviwezi kuokoa kazi.

Koleo la kawaida la kukatia waya halifai, kwa sababu hubamiza kichwa upande mmoja na kuacha nafasi ndani. Koleo bora ni lile lenye racheti, ambalo halifunguki hadi libane kikamilifu. Kwa njia hiyo kila kichwa hupata nguvu ileile, hata mkono wa fundi ukiwa umechoka.

Kila kichwa na meno yake

- *Vichwa vyenye ganda la plastiki la rangi.* Chekundu ni cha waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, cha buluu ni cha 1.5 hadi 2.5, cha manjano ni cha 4 hadi 6. Koleo lake huwa na alama za rangi hizohizo. Vinafaa ndani ya gari, mahali pakavu.

- *Vichwa vyenye mabawa.* Hivi ndivyo vilivyomo katika konekta nyingi za magari yaliyotumika Japan ambayo hushushwa katika Bandari ya Mombasa. Huwa na jozi mbili za mabawa: ya kwanza hukumbatia shaba, ya pili hushika ganda la waya ili mtikisiko usiikate shaba. Meno ya koleo lake huyakunja mabawa kuelekea ndani. Koleo la vichwa vya rangi haliwezi kazi hii.

- *Konekta zenye mpira wa kuzuia maji.* Hutumika chini ya boneti, chini ya gari, na kwa tuktuk na pikipiki ambazo nyaya zake hupigwa na mvua. Mpira wa kila waya lazima uubane waya wenyewe, na tundu lisilo na waya lizibwe kwa kizibo chake.

- *Vichwa vya nyaya za betri na stata.* Stata inaweza kuvuta zaidi ya ampea 100, hivyo upungufu mdogo hapa huonekana haraka. Vichwa hivi hubanwa kwa koleo kubwa la mikono mirefu au la haidroliki. Kuvipiga kwa nyundo hakutoshi.

Makosa yanayoonekana mara nyingi

La kwanza ni kupaka lehemu kwenye nyuzi kabla ya kuzibana. Lehemu ni laini. Baada ya muda hutepeta chini ya shinikizo na kichwa hulegea. La pili ni kukata baadhi ya nyuzi wakati wa kuchuna ganda, au kuzipunguza makusudi ili waya mnene uingie katika kichwa kidogo. La tatu ni kununua waya wa alumini uliopakwa shaba kwa sababu ya bei. Waya huo ukikwaruzwa kwa kisu, ndani huonekana mweupe. Alumini hupitisha umeme kwa uchache kuliko shaba na hukatika upesi inapotikiswa.

Jinsi ya kuipima kazi

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa: waya na kichwa hushikwa na kuvutwa kwa nguvu kabla ya kufungwa. Ukichomoka au kucheza, ukatwe na kufungwa kichwa kipya. Kilekile kisibanwe mara ya pili. Kipimo cha pili ni cha mita ya umeme. Kifaa kikiwa kimewashwa, volti hupimwa kati ya upande mmoja wa muungano na wa pili. Muungano mzuri husoma karibu na sifuri. Ukisoma volti 0.1 au zaidi, urudiwe.

Mwenye gari naye ana haki ya kumwuliza fundi: Utabana kwa koleo gani? Waya ni shaba tupu? Fyuzi ya kifaa hiki itakaa wapi? Fundi anayeijua kazi yake hatakasirishwa na maswali hayo.

Taa zinazopepesa gari likipita shimo, konekta iliyogeuka kahawia au harufu ya plastiki inayoungua ni dalili za kusimama, kuzima injini na kuondoa waya hasi wa betri iwapo hakuna moshi wala moto. Moto ukionekana, watu washuke kwanza, wakae mbali, kisha wapige simu 999 au 112.

Huduma za zimamoto na vyuo vya ufundi vya vijijini ni majukumu ya kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Vijana wanaotaka kazi ya umeme wa magari wanahimizwa kuuliza kuhusu mafunzo katika chuo cha ufundi kilicho karibu nao. Mafundi wa jua kali wenye ujuzi wanaweza kufanya jaribio la ufundi la NITA na kupata cheti.