Kweli au Uongo: Taa za LED Ndani ya Karavani

Nunua karavani kuukuu Marekani, zile nyumba ndogo za magurudumu zinazovutwa na pikapu, na jirani wa kwanza kambini atakwambia: ng'oa globu zote, tia LED. Ushauri ni mzuri. Kinachosumbua ni maneno yanayoandamana nao, maana kila aliyewahi kushika bisibisi ana lake la kusema. Tuyapime.

"Ukitia LED, betri haikuishii tena."

Kuna ukweli, ila haujatimia. Globu iliyozoeleka kwenye dari za karavani za zamani ni ya namba 1141, ile ya kusukuma ndani kisha kuzungusha kidogo. Inakula karibu ampia 1.4, sawa na wati 18. Washa sita kwa saa nne za jioni, utakuwa umetumia ampia-saa 35 hivi. Betri ya kawaida inayofungwa kule mbele, kwenye chuma cha kuvutia trela, ina ampia-saa kama 80, na kwa kuwa ni ya risasi na asidi, haifai kuishusha chini ya nusu ukitaka idumu. Jioni moja tu, taa zimekula karibu fungu lote. LED za mwanga uleule hula ampia 0.2 hivi kila moja, kwa hiyo jioni hiyohiyo inakutoka ampia-saa 5.

Kwa anayelala jangwani Arizona au Utah, pasipo na umeme wa kuchomeka, hiyo si tofauti ndogo. Lakini jangwani usiku kuna baridi, na baridi inadai hita. Hita ya gesi ina feni ya umeme ya kusukuma hewa ya moto, na feni hiyo peke yake hula zaidi ya LED zote za karavani zikiwaka kwa pamoja. Aliyebadili taa na bado anaamka alfajiri betri imekwisha, aanzie hapo. Na yule anayeegesha siku zote penye umeme wa kambi hataona nafuu yoyote ya maana kwenye betri. Atakachoona ni chumba kupungua joto.

"Imeandikwa volti 12, basi itafaa."

Si kweli, na hili ndilo linalowalia watu pesa. Mfumo wa volti 12 haukai kwenye volti 12. Betri iliyojaa na kutulia ina 12.6. Ikichajiwa hupanda hadi 14.4, na chaja zenye hatua ya kusawazisha seli huvuka 15. Ikikaribia kuisha hushuka hadi 11 na kitu. Globu ya zamani haikujali sana: umeme ukipanda iling'aa, ukishuka ilififia, maisha yakaendelea.

LED ya bei ya chini ndani yake ina rezista tu ya kubana mkondo. Chukua vijitaa vitatu vilivyofuatana, ambavyo vinachukua volti 9.3 hivi. Kwenye volti 12, rezista inabakiwa na 2.7. Kwenye 14.4 inabakiwa na 5.1. Mkondo unakaribia kuwa maradufu, na joto nalo linapanda. Ndiyo maana zile pakiti za globu kumi kwa bei ya kutupa huanza kupepesa moja baada ya nyingine, hasa zinazowashwa wakati chaja inafanya kazi. Tafuta iliyoandikwa volti 10 hadi 30. Hiyo ina saketi ndogo inayoshikilia mkondo palepale, betri ikiwa imejaa au imechoka. Mwenye nyumba ya sola ya volti 12 Singida au Kitui naye hesabu yake ni hiyohiyo, kwa sababu paneli saa saba mchana huipandisha betri hadi hizo 14.4, na chumba kisicho na dirisha huwashwa taa mchana.

Karavani za miaka ya 1970 na 1980 zina balaa la ziada. Konveta yake, yaani sanduku linalogeuza umeme wa kambi kuwa volti 12, mara nyingi hutoa umeme usiolainishwa, unaopanda na kushuka mara 120 kwa sekunde. Globu ya waya haina habari. LED hupepesa, au hufa. Dawa ni kubadili konveta, na ukiniuliza ingestahili kubadilishwa hata bila LED, maana nyingi za umri huo huchemsha betri hadi maji yakakauka.

"Lazima utie rezista kwenye kila taa."

Uongo. Maneno haya yamehamia kutoka kwenye indiketa za gari, ambazo hupepesa kwa haraka zikikosa mzigo. Taa ya dari si indiketa. Rezista hiyo ingekula umeme uleule uliotaka kuuokoa.

"Globu mpya isiyowaka ni mbovu."

Mara nyingi ni nzima. LED ina chanya na hasi. Nyingine zimetengenezwa zikubali upande wowote, nyingine hapana. Ya kuchomeka, kama namba 921, ichomoe tu uigeuze. Ya 1141 haigeuki, kwa hiyo itabidi ubadilishanishe nyaya za holda. Hapo fundi aliyezoea magari ajihadhari: kwenye karavani za Amerika Kaskazini waya mweusi kwa kawaida ndio chanya na mweupe ndio hasi, wakati kwenye gari mweusi ndio unaokwenda kwenye bodi. Isitoshe, rangi hizohizo mbili hutumika kwa umeme wa volti 120 unaopita kwenye kuta hizohizo. Chomoa karavani kwenye umeme wa kambi kabla ya kufungua chochote, kisha pima kwa mita.

"LED hazipati joto."

Zinapata. Fungua kifuniko cha taa ya zamani utaona plastiki imegeuka kahawia, na mahali globu ilipokaribia pana duara lililobabuka. LED ya wati 2 au 3 haifikii huko, lakini joto lake hukaa nyuma, kwenye kibao cha saketi, na likikosa pa kutokea huifupishia maisha.

"Wati nyingi, mwanga mwingi."

Soma lumeni, kipimo cha mwanga wenyewe. 1141 hutoa kama 260, kwa hiyo LED ya 200 hadi 300 inatosha. Soma na rangi pia: kelvini 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano uliouzoea, 6000 ni mweupe wa kibuluu, na chini yake utakula chakula cha jioni kama uliye kwenye duka la dawa.

"Zinaharibu redio."

Hili watu hulicheka, na ni kweli. Ile saketi niliyoisifu hapo juu hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Ikiwa haina kichujio, inarusha kelele kwenye redio. Weka stesheni inayosikika kwa shida, zima taa moja moja, na kelele ikikoma umeijua yenye kosa. Kwa hiyo nunua moja kwanza, ukae nayo jioni mbili redio ikiwa imewashwa na chaja inafanya kazi, ndipo uagize zilizobaki.