Umeme wa Jirani: Namna ya Kuurudisha kwa Haki

Katika mitaa ya Cheyo, mjini Tabora, kama ilivyo katika mitaa mingi ya nchi yetu, mwenye jirani hakosi chumvi wala kaa la moto. Siku hizi umeme nao umeingia katika orodha ya vitu vinavyoazimwa. Uniti huisha usiku, mtandao wa kununulia LUKU hukwama, au mita hupata hitilafu siku mbili kabla ya sikukuu. Hapo mtu hubisha hodi kwa jirani na kazi huendelea. Tatizo huja wakati wa kulipa. Mkopaji hutoa noti ya shilingi elfu moja na kuondoka akiamini kuwa deni limekwisha. Mkopeshaji huipokea kwa kuona haya, kisha mwisho wa mwezi hushangaa kuona kwamba fedha alizozoea kununulia umeme hazikumtosha. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu mwenziwe. Kilichokosekana ni kipimo.

Hesabu uniti kwanza, shilingi baadaye

Anayekopa kibaba cha unga hurudisha kibaba cha unga. Umeme nao una kibaba chake, nacho ni uniti: nguvu ya wati 1,000 ikitumika kwa saa moja. Ili kujua uniti ulizotumia, soma wati zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kifaa chako, zidisha kwa saa ulizokitumia, kisha gawanya kwa 1,000.

Taa ya wati 9 ikiwaka saa tano kila usiku kwa siku kumi hutumia uniti 0.45. Televisheni ya wati 80 kwa saa tano hutumia uniti 0.4. Birika la wati 2,000 hutumia uniti 1 kwa nusu saa. Chaja ya simu ya wati 5 kwa saa tatu haifiki hata uniti 0.02, hilo ni jambo la kushukuru kwa maneno, wala halihitaji daftari. Pasi na jokofu hujizima na kujiwasha vyenyewe, kwa hiyo kwa vifaa hivyo hesabu ya kibandiko hutoa kiwango cha juu kabisa, na matumizi halisi huwa chini yake.

Mkitaka uhakika zaidi, itumieni mita ya mkopeshaji. Andikeni uniti zilizobaki kabla ya kazi kuanza, zimeni vifaa vingine vyote kwa nusu saa huku kifaa cha mkopaji kikifanya kazi, kisha someni tena. Tofauti mtakayoiona ndiyo matumizi ya nusu saa.

Uniti ya jirani yako haina bei moja

Hapa ndipo majirani wengi hukosea. Chini ya agizo la bei lililoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2016, mteja wa kawaida wa nyumbani aliye katika kundi la T1 hulipa shilingi 292 kwa uniti. Mteja wa matumizi madogo, aliye katika kundi la D1, hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Juu ya bei hizo huongezwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, tozo ya Wakala wa Nishati Vijijini ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Kodi hiyo ikiwa asilimia 18, uniti ya T1 hufikia takriban shilingi 356, uniti ya D1 hufikia 122, na ile inayovuka 75 hufikia 427. Bei na kodi hubadilika. Hivyo risiti ya karibuni ya mkopeshaji ndiyo shahidi wa kwanza.

Tuchukue mfano. Fundi cherehani amekatikiwa na umeme, naye ana sare za shule za kukabidhi. Kwa siku nne anatumia pasi ya wati 1,000 kwa jirani yake, saa tatu kila siku. Wakikubaliana kufuata kibandiko, hizo ni uniti 12. Jirani huyo ni mama aliye katika kundi la D1, ambaye kwa kawaida hununua uniti 70 kwa mwezi kwa shilingi 8,540. Mwezi huu analazimika kununua uniti 82. Uniti 75 za kwanza zinamgharimu shilingi 9,150, na 7 zilizobaki zinamgharimu 2,989, jumla 12,139. Pasi ya fundi imemwongezea mama huyo gharama ya shilingi 3,599.

Fundi akimlipa uniti 12 kwa shilingi 122 kila moja, atatoa shilingi 1,464 akidhani amelipa yote, ilhali mama amepoteza shilingi 2,135. Hata akimnunulia uniti 12 mwezi unaofuata kwa bei nafuu, pengo hilo litabaki palepale. Aidha, matumizi yanayozidi uniti 75 mara kwa mara yanaweza kumfanya mteja ahamishiwe T1, na hasara ya namna hiyo haifidiwi kwa noti moja. Kwa hiyo kanuni ya haki ni hii: mlipe jirani kile ambacho matumizi yako yamemwongezea, si bei ya wastani wala bei unayolipa wewe nyumbani kwako. Ikiwa mkopeshaji yumo katika D1, muulize kabla ya kuchomeka plagi amekwisha kununua uniti ngapi mwezi huo. Ikiwa yumo katika T1, hesabu ni nyepesi, kwa kuwa kila uniti ina bei ileile.

Njia za kulipa

Uniti zilizomo katika mita yako haziwezi kuhamishiwa mita nyingine, kwa sababu tokeni ya tarakimu 20 hukubaliwa na mita iliyonunuliwa tu. Unaweza kulipa fedha taslimu, au kununua umeme kwa namba ya mita ya jirani na kumpelekea tokeni. Ukichagua njia ya pili, kumbuka kodi ya jengo. Tangu Julai 2023 mmiliki wa nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia LUKU. Kwa hiyo, makato hayo yanapofanyika, shilingi 10,000 za mteja wa T1 haziwezi kuleta uniti 28 bali 23.9 tu. Kodi hiyo ni ya mmiliki wa jengo, si sehemu ya deni lako. Ielezeni bayana katika hesabu yenu.

Wapangaji wanaochangia mita moja wafuate msingi huohuo. Kugawa gharama sawa kwa kila chumba humwonea mwenye taa mbili na kumpendelea mwenye jokofu na jiko la umeme. Orodhesheni vifaa vya kila chumba, kadirieni uniti zake, na mgawane kwa uwiano huo. Makato ya kodi ya jengo yarudishwe na mwenye nyumba au yapunguzwe katika pango, kwa makubaliano yaliyoandikwa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mipaka ya kukopeshana

Msaada wa siku chache ni ujirani mwema. Kuvuta waya wa kudumu hadi nyumba nyingine na kudai malipo ya faida ni jambo jingine: chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kusambaza na kuuza umeme kunahitaji leseni. Tena waya mwembamba unaobeba pasi au birika hupata joto, na waya uliobanwa na dirisha huchubuka. Ni salama zaidi kupeleka kifaa kwa jirani kuliko kuuleta umeme kwako. Kazi yoyote ya kuunganisha nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Mkishindwa kuafikiana kuhusu deni, pelekeni shauri kwa mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, mkiwa na risiti na hesabu zenu. Lakini kama chanzo cha kukopa ni mita mbovu au huduma iliyochelewa, lalamiko lako lipeleke TANESCO kwanza. Usiporidhika, lifikishe EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kukusaidia.

Kabla ya kuchomeka plagi kwa jirani, kubalianeni mambo matatu na kuyaandika: mita inasoma ngapi, kifaa kina wati ngapi, na malipo yatafanyika lini. Kazi hiyo haichukui dakika tano, nayo humwezesha jirani kukufungulia mlango kwa moyo mweupe siku utakapobisha hodi tena.